Msajili Hakuitwa

Ukitaka kumjua binadamu vizuri, mpe cheo kisicho na mshahara. Ndivyo alivyokuwa akisema yule wakili mwenye ofisi juu ya duka la viatu, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye riziki yake ilitoka kwa watu wanaogombania vyeo vya namna hiyo. Mawakili wenzake walishika kesi za mashamba na za makampuni. Yeye aliletewa kwaya zilizogawanyika, kamati za wazazi zilizovutana mashati, na klabu ya wafuga njiwa ambayo katibu wake alitoroka na mhuri. Walipanda ngazi zake wakihema, wakakaa kwenye benchi huku fundi viatu wa chini akigonga nyundo, na karibu wote walianza na maneno yale yale: "Mimi sitaki cheo, nataka haki." Aliwasikiliza, akawadharau kimoyomoyo, kisha akawafanyia kazi yao barabara.

Hakutarajia kwamba siku moja baba yake mwenyewe angezipanda ngazi zile.

Mzee alikuwa dereva wa malori ya serikali tangu ujana hadi mvi. Wenzake walimwita Breki, kwa kejeli, maana alikuwa mzito wa kuzikanyaga. Alipostaafu wakamfanya mwenyekiti wa Chama cha Madereva Wastaafu, kilichopanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta: viti vya mbao, birika la umeme, na televisheni iliyomwonyesha kila mtu akiwa na uso wa kijani. Kila mwaka walimrudisha kwa makofi. Hakuna aliyeitaka ile kazi ya kufungua mlango asubuhi na kugombana na mwenye nyumba, ila yeye alidhani wanampenda.

Ikawa amelazwa kutolewa mtoto wa jicho. Huku nyuma wenzake wachache wakaitana chapuchapu, bila tangazo, wakamchagua Spana, aliyekuwa makanika wa malori yale yale na mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Spana hakulala. Alipeleka karatasi kwa Msajili wa Vyama, na Msajili, alipoona zimejazwa na kutiwa saini, akaandika majina mapya katika daftari la serikali. Breki alirudi na bandeji jichoni, akamkuta mwenzake kakaa kwenye kiti chake, kanyoosha miguu.

"Mwanangu, nataka kumshtaki Spana," alisema, akiwa bado hajaketi.

Binti alimuuliza mambo, akasoma katiba ya chama, akaivua miwani.

"Baba, mkutano wao una kasoro. Katiba yenu inataka wanachama wote watangaziwe mapema, na hawakutangaziwa. Hapo tuna hoja."

"Si ndiyo ninachokwambia."

"Ngoja nimalize. Unataka jina la Spana litoke kwenye daftari la Msajili, lako lirudi. Nani atalitoa?"

"Mahakama."

"Mahakama haishiki kalamu ya Msajili. Itamwamuru yeye alitoe, na haiwezi kumwamuru mtu ambaye hajaitwa wala kusikilizwa. Mngekuwa mnagombania nani kaunguza birika, ningemwacha Msajili na shughuli zake, hayo ni ya ndani ya chama. Lakini yeye ameshaandika. Uandishi wake ndio unaoupinga. Lazima aunganishwe kwenye kesi, asimame mdaiwa pamoja na Spana. Na kwa kuwa ni serikali, kwanza tumpe notisi, tungoje muda wake uishe."

Mzee alilitoa lile jicho zima.

"Niishtaki serikali? Serikali inayonipa pensheni?"

"Hawatakugusa pensheni. Atakuja mtu wao, atasema alichofanya, ataondoka."

"Wewe unayaona mepesi. Na kungoja huko, Spana akizidi kukalia kiti changu? Ugomvi huu ni wa dereva na makanika. Msajili kaingiaje?" Aliinuka, akachukua kofia yake. "Mimi ndiye niliyekufundisha kuvuka barabara."

"Ndiyo, baba. Ukaniambia niangalie pande zote mbili."

Mzee aliivaa kofia. Alishuka ngazi akiushika ukuta, na kabla ya jua kuzama alikuwa kwa Tai.

Tai alikuwa wakili aliyesoma darasa moja na binti. Jina alilipata kwa zile tai zake, pana kama mkeka, na kwa sauti iliyokuwa imeshiba kuliko hoja zake. Hakuwa mwongo. Alikuwa mvivu tu, na uvivu wake ulivaa suti. Mteja akisema hataki kungoja, Tai naye hataki kungoja. Mteja akiiogopa serikali, Tai ataipata sababu ya kisheria ya woga huo. "Msajili ni kama refa, mzee," alimwambia Breki. "Nani anamshtaki refa?" Breki alilipenda neno hilo, akaenda kulirudia nyumbani, kwa majirani, na hata kwa binti yake siku alipokuja kumwona.

"Refa akishaandika goli, baba, kipa hawezi kulifuta," alisema binti, akaomba chai.

Kesi ikafunguliwa dhidi ya Spana na kamati yake peke yao. Ikaahirishwa, ikatajwa, ikaahirishwa tena. Wazee wa watu waliokula vumbi la barabara moja, waliosukumana malori kwenye tope, wakawa wanakaa pande mbili za ukumbi wa mahakama bila kusalimiana. Binti alipita siku moja na mafaili yake, akawaona wamejipanga vile, kila mmoja na suti yake ya harusini, akajisemea kwamba hata watoto wa chekechea huchoka kununa.

Hukumu ilipokuja, Tai aliisikiliza nusu. Hakimu alisema mkutano uliomchagua Spana haukuitishwa kwa mujibu wa katiba, kwa hiyo, kati ya waliopo mbele yake, haukuwa halali. Tai akaanza kutabasamu. Hakimu akaendelea kusema kwamba mdai ameomba pia majina yaliyosajiliwa yafutwe. Kwamba aliyeyasajili hakuunganishwa wala hakusikilizwa. Na kwamba kwa ombi hilo mahakama haitatoa amri yoyote. Tai aliendelea kutabasamu.

Breki aliibeba hukumu yake hadi ofisi ya Msajili kama mtu aliyebeba sinia la sherehe. Dirishani alikuwapo mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akamrudishia.

"Hongera, mzee. Lakini sisi hatumo humu."

"Hamumo wapi?"

"Humu ndani. Hakuna palipoandikwa Msajili afanye nini. Kwetu mwenyekiti bado ni huyu mwingine."

"Lakini nimeshinda."

"Nimeona umeshinda," alisema yule mama kwa upole, akamwita aliyefuata.

Basi chama kikawa na wenyeviti wawili, mmoja wa hukumu na mmoja wa daftari, na kila mmoja akamtaka mwenye nyumba ampe ufunguo. Mwenye nyumba alikuwa na kufuli yake. Akaifunga, akasema watakapokuwa na kichwa kimoja wamwite. Wastaafu wakahamia kibarazani, kila kambi upande wake, na birika likabaki ndani na televisheni.

Aliporudi kwa binti yake, Breki alikuwa amevua bandeji siku nyingi na macho yote mawili yalikuwa yanaona vizuri. Alikaa kwenye benchi. Fundi viatu alikuwa anagonga.

"Yule mwenzako," alianza.

"Tai."

"Huyo. Anasema tukate rufaa."

"Na wewe unasemaje?"

Mzee aliizungusha kofia yake magotini. Wakili alikuwa ameingoja siku hii kwa muda mrefu, na alikuwa ameandaa majibu yenye pilipili. Alipomwona vile, ubaya wa majibu yake haukupungua, ila yalipoteza ladha.

"Nasema aitwe huyo Msajili," alisema mzee. "Kama ulivyotaka."

"Si mimi niliyetaka, baba. Ni lile daftari."

Akaandika notisi, wakangoja. Mzee alinung'unika muda wote wa kungoja na bintiye akamwacha anung'unike. Muda ulipoisha akafungua shauri jipya, safari hii Msajili akiwa mdaiwa pamoja na Spana. Serikali iliyomtia mzee jasho ilifika mahakamani kwa sura ya wakili mwembamba mwenye mafua. Alisema Msajili hana ugomvi na mtu yeyote, aliandika alicholetewa, mahakama ikimwamuru afute atafuta, na anaomba tu uchaguzi mpya ufanyike mbele ya afisa wake ili asirudishwe hapa. Akapenga kamasi, akaketi. Spana alikuwa ameshashindwa hoja ya mkutano katika kesi ya kwanza. Hakimu akaamuru hivyo hivyo, na chai ya saa nne ilikuwa haijapoa.

Breki aligeuka kumtazama binti yake. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Na kelele zote zile?"

"Zile mlizitaka wenyewe."

Majina yakafutwa, tangazo likabandikwa, mwenye nyumba akafungua kufuli. Siku ya uchaguzi yule mama mwenye miwani ya kamba alikaa mbele na sanduku la kura. Wanachama wote walikuja, hata wale wa mikongojo. Binti alisimama mlangoni, kwa kuwa baba yake alimsihi awepo ashuhudie haki ikirudi.

Akachaguliwa Spana. Tena kwa kura nyingi mno.

Wakili alimtazama baba yake, tayari kumshika mkono. Mzee alibaki ameketi, akitikisa kichwa polepole. Kisha akasimama, akaenda kwa Spana, akampa mkono mbele ya watu. Wakaishika njia ya nyumbani, yeye na binti.

"Wamenikataa nikiwa naona," alisema. "Hilo nalikubali. Kunipindua nikiwa kitandani, hapana."

Binti alikuwa na la kumjibu, kuhusu miaka iliyoliwa na marafiki walionuniana kwa ajili ya kiti cha mbao. Alilimeza. Alimwona mjinga kama alivyowaona wale wa kwaya na wa njiwa, ila huyu alikuwa mjinga wake, na alilazimika kutembea kwa mwendo wake.

Sasa Breki ni mwanachama wa kawaida. Hakosi mkutano. Hukaa safu ya mbele na katiba ya chama mapajani, na tangazo likichelewa japo kidogo husimama, akaomba hoja yake iandikwe. Spana akimwona anainuka, hucheka kabla ya wakati, kisha hufumba macho.