Kura Tisa Pungufu

Verla Hruska alikuwa mpishi wa shule ya Pawnell, mji mdogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Nebraska, lakini watu wa mji huo hawakumjua kwa mapishi yake. Walimjua kwa gari la wagonjwa. Zaidi ya miaka ishirini aliliendesha kwa kujitolea, na ilikuwa vigumu kupata nyumba ambayo hajapata kumtoa mtu anayevuja damu au mwenye uchungu wa kuzaa. Alikuwa mnene, mcheshi, na mgonjwa akianza kulia alimwambia, "Lia tu, baba, ila usinitapikie viatu."

Gari likazeeka. Baraza la mji likaamua kuwauliza wananchi kwa kura: je, mnakubali kodi ya ardhi ipande kidogo ili tununue gari jipya? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Pawnell ilikuwa ngome ya chama cha Republican tangu babu zao walipofika na plau, na kule neno kodi lilikuwa kama tusi la nguoni. Verla naye alikuwa Republican, kama baba yake na mama yake, lakini hilo halikumsaidia.

Delbert Sundquist, mkulima aliyewapita wote kwa mashamba, alisimika bango njia panda: KODI TENA? HAPANA. Asubuhi moja Verla aliingia mkahawani kununua kolachi, mikate ya jemu ya plamu, akamkuta na wazee wenzake.

"Verla, mama, umehamia kwa wapinzani wetu wa Democrat lini?" Delbert akamchokoza. "Mbona hukutualika kwenye ubatizo?"

Wazee wakaangua kicheko.

"Siku utakapoanguka ghalani kwako, Delbert, nitakuja kukuzoa na toroli."

"Njoo nalo! Toroli halina kodi!"

Verla alicheka pamoja nao. Bado aliamini kwamba watu husema hivi mbele za watu, kisha hufanya vingine wakiwa peke yao na karatasi ya kura.

Kura ilipigwa Jumanne moja ya Mei. Mvua zilikuwa zimewafungia watu ndani majuma mawili, na siku hiyo jua likatoka. Kila mwenye trekta akakimbilia shamba. Verla alizunguka na gari lake mwenyewe akiwakusanya bibi vizee. Kwenye nyumba moja binti mwenye mtoto mkononi alimfungulia mlango akashangaa.

"Kwani leo kuna kura? Rais si tulishamchagua?"

Alasiri akaenda mpaka kwenye shamba la mumewe, Milo, aliyekuwa akipanda mahindi na ndugu zake na wana wao.

"Milo, wanafunga saa mbili usiku. Nendeni wote."

"Tutakwenda, mke wangu. Tumalizie kipande hiki."

Kipande hicho hakikuisha. Milo alirudi giza limeingia, akala, akalala na soksi zake.

Wenye haki ya kupiga kura walikuwa zaidi ya mia nne. Waliofika hawakutimia mia na hamsini. Hoja ya kodi ikashindwa kwa kura tisa. Verla hakumchukia Delbert. Delbert alikwenda, akasimama, akapiga kura ya kile alichokiamini. Waliomchoma moyo ni wale waliomwambia, "Tuko nawe, Verla," kisha wakabaki nyumbani.

"Kura yangu moja ingefanya nini?" Milo aliuliza asubuhi, bila kuinua macho kwenye kahawa.

"Shambani mlikuwa wangapi, Milo?"

Milo akachukua kofia, akatoka kwenda shambani.

Gari likauzwa kama vyuma chakavu. Tangu hapo, ukizidiwa, ulisubiri la wilayani, na la wilayani lilichukua dakika arobaini barabara zikiwa kavu.

Januari theluji ilianguka. Jumapili moja baada ya ibada simu ya Verla ikalia, na sauti ya Delbert ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Verla, njoo. Arlys kaanguka. Hapumui vizuri. Njoo, dada yangu, nakuomba."

Alikwenda bila kufunga koti. Akamkuta Arlys, mke wa Delbert, chali kwenye sakafu ya jikoni, midomo imegeuka bluu. Akapiga magoti, akambonyeza kifua. Aliendelea mpaka jasho likamwingia machoni, mpaka mikono ikafa ganzi. Delbert alisimama dirishani akirudia, "Wako wapi? Wako wapi hawa watu?" Wahudumu wa wilayani walipofika, Arlys alikuwa ameanza kupoa. Mhudumu mmoja alimshika Verla bega, akamwambia imetosha.

Baada ya maziko watu walikula kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Delbert alizungukwa na wanaume, macho mekundu.

"Serikali ndiyo iliyomuua," alisema. "Wanakula kodi zetu, halafu hata gari hakuna."

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Verla alikuwa akipakua saladi ya viazi. Akaweka kijiko chini.

"Kura tisa, Delbert."

Watu wote ukumbini wakageuka. Walimtazama yeye, si Delbert, kana kwamba ndiye aliyetukana maiti. Mchungaji akakohoa. Milo akamshika kiwiko, akamnong'oneza, "Si leo, Verla. Mwache mtu na msiba wake." Wakatoka. Tangu siku hiyo wanawake wa kanisani walimsalimia kwa ncha ya midomo.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kuchagua diwani, na mgombea akawa mmoja tu. Asubuhi hiyo Milo alinyoa ndevu, akavaa kofia yake nzuri, akatoka mapema. Aliporudi alikuwa na kibandiko cha "Nimepiga kura" kifuani, akisimama wima ili mkewe akione.

"Umemchagua nani?" Verla akamuuliza.

"Delbert. Hakukuwa na mwingine."

Verla alimpakulia nyama na viazi, akamwekea na chumvi karibu. Kisha akachukua sahani yake akaenda kula barazani, ingawa nje kulikuwa na baridi.