Jalada la Babu Lililobaki Wazi

Mama alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Buzuruga, nabishana na mteja aliyetaka dawa ya vidonda vya tumbo bila cheti cha daktari. Alisema wapimaji wa ardhi wamefika kijijini, wamepaka mawe rangi nyekundu, na kila mwenye kiwanja anatakiwa afike ofisi ya kijiji na karatasi zake. Yeye karatasi hana. Kiwanja anachokaa, kule ukipita Kisesa kisha ukakata kuelekea ziwani, bado kina jina la babu, na babu alifariki zamani. Mtendaji wa kijiji alimwambia alete nakala ya mahakama inayoonyesha mirathi ilivyokwisha, la sivyo kiwanja kitaandikwa kwamba kina mgogoro na hati haitatoka.

"Watanitoa, mwanangu," alisema.

Mimi hukasirika kwanza, maswali baadaye. Nilimfokea mtendaji ambaye hakuwepo, nikamfokea na yule mteja aliyekuwepo, halafu ndipo nikamuuliza mama nani hasa atamtoa. Akaniuliza kama nimekula. Nilijua anamfikiria kaka yake.

Sisi asili yetu ni Kagera. Babu alikuja upande huu wa ziwa akiwa kijana, mwalimu wa shule, akajenga, akazeekea hapa. Alipofariki tulimrudisha kwao kuzikwa, kama ilivyo desturi yetu, na mjomba, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Watoto wa babu walikuwa wawili tu, yeye na mama. Mama alipoachika alirudi kukaa kwenye nyumba ya ufukweni, na hapo ndipo nilipokulia. Mambo yaliharibika siku ya kuondoa matanga ya bibi, miaka mingi baadaye. Mjomba alisimama mbele ya watu akasema nyumba ya kule ufukweni ilikuwa kambi tu, kwao ni Kagera. Pengine alikuwa anasema lile ambalo kila mzee wa kwetu husema akishashiba. Mama alilisikia kama amri ya kuhama. Tangu siku hiyo hawakuongea tena, na mimi nikakatazwa kumpigia mjomba simu hata ya Krismasi.

Basi kazi ikawa kulitafuta hilo jalada. Niliuliza lilifunguliwa mahakama gani, mama akajibu bila kusita kwamba ni Kagera, nyumbani, na yeye alikuwepo. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka walivyokaa kwenye migomba nyuma ya nyumba, nani aliongoza, baba mdogo gani alisinzia mpaka akakoroma, senene za kukaanga, wale panzi wetu, zilizopitishwa kwenye ungo, na jinsi mikono ilivyoinuliwa wote wakakubali jina la mjomba. Niliwapigia jamaa wengine kuhakikisha. Wote walikuwa na kumbukumbu hiyo hiyo, ila kila mmoja alimtaja msinziaji mwingine.

Nikapanda meli kwenda Bukoba, na kutoka hapo nikaenda mpaka mahakama ya mwanzo ya kijijini kwetu. Karani wa pale, kijana mwenye adabu, alipekua vitabu vya masijala mpaka vumbi likamfanya apige chafya. Hakukuwa na kitu. Nilishaanza kupandisha sauti pale aliponiuliza kwa upole marehemu alikuwa anaishi wapi alipofariki. Nikamwambia. Akafunga kitabu.

Alinieleza kwamba kile kikao cha kwenye migomba kilikuwa kikao cha ukoo. Kazi yake ni kupendekeza msimamizi na kuandika muhtasari. Muhtasari huo hupelekwa mahakamani, na shauri la mirathi hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi yake, hata kama amezikwa kwingine. Mahakama ndiyo inayomteua msimamizi, ukoo unapendekeza tu. Kumbe familia nzima tulikula senene za kikao, tukashiba, tukaamini kwamba hiyo ndiyo mahakama. Wale waliokwenda mbele ya hakimu kweli walikuwa mjomba na mashahidi wake, na safari yao hakuna aliyeikumbuka kwa sababu haikuwa na chakula.

Nilirudi nikiwa nimenuna, na mkungu wa ndizi niliobebeshwa na shangazi zake mama. Nilipokuwa Bukoba mjini nilipita karibu kabisa na nyumba ya mjomba, mwavuli nimeushusha mpaka usoni na jua linawaka, nikaona aibu kama mwizi. Swali lote lingejibiwa naye kwa dakika chache. Lakini nilikuwa nimekula kiapo kwa mama, na mama yangu viapo vyake huvifuatilia.

Mahakama yetu ya huku ni jengo dogo la bati lenye baraza ya saruji mbele, watu hukaa hapo wakisubiri kuitwa. Karani wake ni mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha kusogea. Nilimpa barua yangu ya maombi. Nilikuwa nimeiandika kurasa kadhaa, nimeanzia na ujana wa babu, nikapitia talaka ya mama, nikamalizia na haki za wanawake. Aliisoma yote, nampa sifa zake. Kisha akanipa karatasi tupu akasema niandike nusu ukurasa: jina la marehemu, mimi ni nani kwake, nataka nakala ya nini na ya kazi gani. Mama naye aandike yake, kwa sababu yeye ni mrithi, na ombi la mrithi lina nguvu kuliko la mjukuu mwenye hasira.

Halafu akauliza namba ya shauri. Hatukuwa nayo. Akasema basi tumpe mwaka, atatafuta kwenye kitabu. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, kitenge kipya, mkoba magotini. Alisema mwaka hakumbuki, ila ulikuwa mwaka ule nilipoanguka kwenye mpera nikavunjika mkono, kwa sababu nilisafiri msibani na plasta na nilimpiga nayo binamu yangu kichwani. Karani alinitazama mkono, akanitazama na mimi, akasema anaamini. Tukahesabu madarasa yangu kurudi nyuma mpaka tukaupata mwaka.

Alifungua kitabu, akateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa, kikasimama. Nilidhani atainuka kwenda stoo. Hakuinuka. Alivuta droo ya meza yake akatoa jalada la kaki lililofungwa kwa kamba, akaliweka mbele yetu.

"Hili nimelitoa juzi," alisema. "Kuna mzee ameliomba. Anatoka Bukoba."

Mama alinishika mkono, na alinishika kweli. Sikuwahi kumwona mama yangu akiogopa karatasi. Karani akaendelea kusema kwamba mzee ndiye msimamizi mwenyewe, na kwamba jalada letu halijafungwa. Msimamizi aliapishwa, akapewa barua yake, akaondoka, hakurudi kuleta orodha ya mali wala hesabu ya mgawanyo. Kisheria babu yetu alikuwa bado hajagawanywa. Mzee anataka sasa kupeleka mgawanyo, na warithi wote wataitwa siku hiyo kusema kama wanakubali.

Tukiwa njiani kurudi, mama alikuwa ameshahama. Alihesabu vyombo atakavyokuja navyo kwangu Buzuruga, akaamua kuku atampa jirani, akauliza kama chumba changu cha uani kinavuja. Nilimwambia hatahama, nitatafuta wakili, nitalala mlangoni. Akasema nisipige kelele, watu wanatusikia. Usiku sikulala, na nilivyokuwa namchukia mjomba siku zile, Mungu anisamehe, ningeweza kumfukuza hata harusini kwangu.

Siku ya shauri tulimkuta ameshafika, amekaa barazani, koti la suti na kofia, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amezeeka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba amezeeka. Mama ni mdogo wake, kwa hiyo ni yeye aliyepaswa kuanza salamu, na nilimwona akipambana nayo tangu getini. Alipofika aliutazama ukuta, akauamkia ukuta shikamoo. Mjomba akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyeipokea kwa mikono miwili. Kisha tukakaa, mimi katikati yao kama mto wa kitanda.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nilimuuliza mjomba kwa nini miaka yote hii hakufunga mirathi, tena nilimuuliza kwa ukali usiofaa kwa mjomba. Aligeuza fimbo mkononi. Alisema kila mwaka alikuwa anapanga kuja, na kila mwaka alijiona anakwenda kumgawa baba yake vipande vipande mbele ya watu, na akimaliza hakutakuwa tena na jambo lolote la baba lililobaki kufanywa. Aliposikia kwa jamaa kwamba wapimaji wamefika huku, ndipo akapanda meli.

"Mpwa wangu, nilichelewa," alisema. "Sikukataa."

Nikaishia kumkung'uta vumbi begani mwa koti.

Tuliitwa ndani. Hakimu alikuwa mwanamke kijana kuliko mimi, amevaa miwani, na mbele yake jalada limefunguliwa. Alimkaripia mjomba kidogo kwa kuchelewa, kwa heshima ya umri wake, mjomba akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Halafu akasoma mgawanyo aliouleta mjomba. Nyumba ya Kagera na shamba lililozunguka makaburi ya wazee, ya mjomba. Nyumba ya ufukweni pamoja na kiwanja chote na migomba iliyomo, ya dada yake.

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu ile simu ya mama. Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kumpiga mama kiwiko ili naye afurahi. Hakimu alimgeukia akamuuliza, kama sheria inavyotaka, iwapo ana pingamizi lolote dhidi ya mgawanyo huo.

Mama alisimama. Alirekebisha kitenge.

"Ninalo, mheshimiwa."

Nilidhani hakulielewa swali. Nilimvuta pembe ya kitenge nikamnong'oneza kwamba ameshinda, aseme hana. Aliuondoa mkono wangu bila kuniangalia. Hakimu aliweka kalamu chini, akamwambia aeleze.

Mama alisema nyumba anaitaka, na anashukuru. Ila kiwanja chote peke yake hakitaki. Akasema upande wa ziwani, wenye migomba, uandikwe jina la kaka yake. Hakimu akamuuliza kwa nini, kwa kuwa msimamizi mwenyewe hakuuomba. Hapo ndipo mama aligeuka kwa mara ya kwanza akamtazama kaka yake usoni.

"Akipewa cha Kagera na mimi cha huku, imekwisha, hatuna shauri tena," alisema. "Atakuja huku kufanya nini? Mtu wa kwetu hawezi kuacha migomba yake ipaliwe na mwingine. Mpeni migomba, atakuja."

Karani aliacha kuandika. Nami nilikuwa nimekaa na mdomo wazi, mtu niliyevuka ziwa, niliyepekua vitabu, niliyeandika kurasa juu ya haki, nikimwangalia mama akiigawa ile ardhi aliyokuwa akiililia. Hasira ilinipanda kama kawaida yake, ikakosa pa kwenda.

Hakimu alimuuliza mjomba kama anakubali mabadiliko hayo. Mjomba alitikisa kichwa kukubali, kofia ameishikilia kifuani, machozi yamejaa. Hakimu akamwambia, taratibu, kwamba mahakama haiwezi kuandika kichwa kilichotikiswa, itabidi aseme kwa mdomo wake.

"Nakubali," alisema mjomba. Akamtazama mama. "Nitakuja."