Wiki niliyomsomea bibi kurasa za kufungia karanga, Koboko 1976

Salaam wakuu wote humu. Hili limenitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

1976 nilikuwa nasoma Arua, nyumbani kwetu mtaa wa Awindiri, mjini humo humo. Likizo nikapelekwa Koboko kumtunza bibi yangu Zainabu, mjane wa askari. Haboba, yaani bibi kwa lugha ya kwetu, ndivyo tulivyomwita, alikuwa haoni. Macho yalikuwa meupe, na aliamini karogwa na mke mwenzie. Habari za daktari hakutaka kuzisikia.

Chumba cha mbele alipanga Baba Mapendo, Mkongo muuza karanga. Kuzifungia alichana kurasa za kitabu kinene cha afya, cha Kiswahili. Moyo na mapafu vilishaenda sokoni.

Nikamwomba kilichobaki.

"Chukua, lakini juma moja tu. Mutu hawezi kubeba karanga mukononi."

Basi kila siku nikawa nasoma kwa sauti, bibi anachambua mchele kwa vidole. Figo zinavyochuja damu. Mfupa uliovunjika unavyojiunga wenyewe.

Wakuu, nilikuwa form two lakini sikujua mtu amebeba mambo makubwa hivyo ndani yake. Nilikuwa najigusa shingo, nasikia mapigo.

Ijumaa nikafika kwenye jicho. Kikasema ndani yake kuna kitu kama kioo, uzeeni kinaweza kuingia ukungu, na daktari anaweza kukitoa.

Bibi akaacha mchele.

"Soma tena."

Nikasoma.

"Hapo iko jina ya mke mwenzangu?"

"Hapana, haboba. Imeandika uzee."

Akasukuma mchele pembeni. Kisha akasema, "Yule mama alikufa mimi nikikataa salamu yake."

Mwezi uliofuata baba yangu akampeleka Kuluva, hospitali ya misheni, akapasuliwa. Bandeji ilipotoka alitazama mikono yake, akaigeuza.

"Hii mikono ya nani imezeeka hivi?"

Tulicheka, naye akacheka huku machozi yanamtoka.

Tulipofika Koboko hakuingia ndani. Alitaka Midia, alikozikwa mke mwenzie. Tukaenda. Akatembea mbele yetu peke yake, bila fimbo, akapiga magoti kwenye lile kaburi, akatoa salamu kama mtu anayebisha hodi.

Nilichojifunza: ukisoma, soma kwa sauti. Hujui nani pembeni yako anasubiri sentensi moja tu.

Na nyie wakuu, kuna kurasa zilizowahi kugeuza mambo nyumbani kwenu? Tiririkeni, nasoma zote.