Kamishna Aliyetembea Mabanda

Shemeji yangu Royce Hembree alikuwa mwoga tangu utotoni, na sisemi hivi kumtukana. Woga ndio uliomsomesha, ndio uliompa kazi, ndio uliomkalisha kwenye kiti cha Kamishna wa Kilimo wa jimbo letu vipindi vitatu mfululizo. Cha nne alikikosa. Nakuambia mapema usije ukakaa unangoja kujua nani alishinda uchaguzi, maana hadithi yangu haipo hapo.

Woga wenyewe ulianzia kwenye nguruwe. Baba yao, mzee Lamar, alifuga nguruwe ng'ambo ya kijito, na Royce akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, homa ya nguruwe iliingia kaunti yetu. Akaja mtu wa serikali na gari jeupe, kofia kichwani, bunduki nyuma ya kiti. Alikuwa mpole. Alimsalimu mama yao, akakataa kahawa kwa adabu, kisha akaenda kuua nguruwe wote, wazima na wagonjwa, wakafukiwa shimo moja. Mke wangu Nadine, dada yake mdogo, wakati huo alikuwa wa kubebwa, hakumbuki kitu. Royce alikumbuka kila kitu. Alijibanza chini ya nyumba, kwenye vumbi pamoja na mbwa, amejiziba masikio, na toka siku ile gari jeupe likikata kona tu alitafuta pa kujificha.

"Shem," aliniambia mwaka alipoanza siasa, "niliona watu wako wa aina mbili. Kuna anayelingoja lile gari na kuna anayeliendesha. Nikasema mimi bora niendeshe."

Basi akaliendesha. Alisoma kilimo chuo cha jimbo, akarudi kuwa bwana shamba wa kaunti, akapanda hadi makao makuu, halafu akagombea. Kwetu Kamishna wa Kilimo ndiye anayekagua pampu za petroli na mizani ya madukani, kwa hiyo jina lake linabandikwa juu ya kila pampu jimboni. Royce alifikiri hiyo ni bahati kubwa. Mimi nilimwambia, "Wewe mwanasiasa gani, watu wanasoma jina lako wakati ule ule wanapotukana bei ya mafuta?" Alicheka, lakini Nadine aliniambia baadaye kwamba usiku huo kaka yake alimpigia simu kuuliza kama watu kweli wanamtukana.

Kura huku kwetu haziombwi ukumbini. Zinaombwa bandani. Mtu akija kwako na jambo la maana hakai barazani akinywa chai baridi yako. Unamwambia, "Twende tukatembee banda," mnaingia kwenye lile banda refu la kuku, mnakwenda taratibu toka mlango wa mbele hadi wa nyuma, kuku wakiwapisha miguuni, na humo ndimo yanamosemwa ya kweli. Mkikuta kuku aliyekufa, mgeni ndiye anayeinama kumwokota. Kila banda lina wafu wake kila siku, si ajabu. Ila mgeni anayemruka kuku mfu akamwachia mwenyeji, huyo hatumpi hata kiti, sembuse kura. Royce aliokota. Aliokota kwa mikono mitupu, na shati lake la kanisani, akawabeba kwa kuwashika miguu huku akisikiliza habari za mgongo wa mzee na za mtoto aliyeacha chuo. Ndiyo sababu watu walimpenda.

Mafua ya ndege yalipoanza kuvuma majimbo ya kaskazini, ni yeye aliyetoa amri. Kila lango la shamba libandikwe bango jekundu, mgeni haruhusiwi, na anayelazimika kuingia avae mifuko ya plastiki juu ya viatu na achovye miguu kwenye karai la dawa. Chini ya bango, jina lake. Tulitii sote. Waleta chakula cha kuku walivaa mifuko, mafundi wa feni walivaa, mchungaji wetu naye alivaa. Lakini nani amwambie Royce Hembree avae mifuko? Huku kwetu hiyo ni kama kumpa mtu mkono halafu ukaufuta kwenye suruali mbele yake. Na yeye kuiomba kungekuwa kumwambia mwenye nyumba kwamba kwake kuchafu. Kwa hiyo wenyeji walisema, "Ah, wewe ingia tu, Royce," na Royce akaingia tu na buti zake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangengoja kwanza wamwone shemeji yangu.

Wiki ya mwisho ya kampeni, mpinzani wake, kijana wa mjini mwenye meno mengi, alikuwa amemkaribia sana. Royce akaingiwa na hofu, na hofu ikimwingia huyo anatembea mabanda. Jumatatu asubuhi alianza kwa mzee Odell Stancil, shemasi mwenzake kanisani. Mchana wa siku hiyo hiyo alikuja kwetu, akala kambare wa kukaanga, akatembea banda na dada yake. Aliendelea hivyo Jumanne, Jumatano, hadi Alhamisi adhuhuri, shamba baada ya shamba. Alhamisi kuku wa Odell wakaanza kuanguka ovyo, na kabla jua halijazama maabara ilikuwa imesema ni mafua.

Mimi sikuwepo. Kuku ni wa Nadine, mimi naendesha lori la magogo, na wiki ile nilikuwa mbali. Habari za Odell nilizisikia redioni nikiwa njiani. Nilirudi Jumamosi asubuhi, na kitu cha kwanza kilichonitia wasiwasi ni kwamba mke wangu alikuwa ananingoja mlangoni na chakula tayari, mkate wa mahindi, mboga, kila kitu. Nadine hanipokei hivyo. Kwa kawaida ananipokea na orodha ya vilivyoharibika.

"Nikaangalie feni?" nikamuuliza.

"Feni nzima."

"Nikakusaidie kuokota basi."

"Hoyt, nimekwambia banda leo si kazi yako. Kula, ulale."

Nikala, lakini sikulala. Kupitia dirisha la jikoni niliona trekta dogo limeegeshwa nyuma ya banda, ndoo yake ya mbele imejaa udongo mwekundu mbichi. Mke wangu hagusi lile trekta nisipokuwepo, analiogopa. Sikuthubutu kumuuliza.

Mchana gari jeupe la jimbo likaingia. Nadine akachukua sahani ya kaka yake, tukatoka wote wawili. Royce alisimamisha gari pale langoni, karibu na bango lake mwenyewe, na hakushuka. Vioo vilikuwa vimefungwa. Nilimwona anatutazama kupitia kioo, uso umemnywea, hajanyoa.

"We kaka, shuka ule," Nadine akasema. "Kambare anapoa."

Kioo kikashuka kidogo, upana wa vidole viwili. "Sishuki."

"Umeanza maringo? Bado hujashinda, bwana."

"Nadi, kuku wako wazima?"

"Wazima."

"Niangalie. Kuku wako wazima?"

"Wazima kabisa! Ndiyo salamu gani hiyo? Nenda kamalize kampeni yako."

Royce akaegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakamtikisika. "Mungu asifiwe," akawa anasema, "Mungu asifiwe, Mungu asifiwe." Mtu wa miaka sitini na ushee. Nilimwonea huruma, na huku namwonea huruma nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barabarani na mzigo umelegea nyuma yangu, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama kati ya gari na banda kama anaziba njia.

"Nadine," nikasema, "trekta limechimba nini?"

Royce akainua kichwa.

"Mama watoto, nakuuliza. Kule nyuma umezika nini?"

"Wachache tu," akasema kwa sauti ndogo. "Jana walikuwa wachache." Akatazama bandani, akatutazama. "Leo asubuhi si wachache."

Kioo kikashuka chote. "Kwa nini hukupiga simu?" Royce akasema. "Nadi! Jana? Kwa nini hukupiga simu jana?"

"Nipige nimwambie nani? Wakija swali la kwanza ni nani ameingia bandani. Nikasemeje? Kura Jumanne! Niseme Kamishna mwenyewe, aliyebandika bango langoni, aliingia na buti zake akitokea kwa Odell? Wakuchinje kwenye gazeti?"

"Odell amesema—"

"Odell hakusema kitu! Mkewe kanipigia. Wameulizwa nani alikuja, wakajibu hakuna. Hakuna mtu. Unafikiri nani atakutaja? Hakuna atakayekutaja, kaka. Watu wanakupenda."

Nilidhani habari hiyo itamshangaza. Haikumshangaza. Alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele, kama yuko barabarani.

"Najua," akasema. "Ripoti ya kwa Odell ilifika mezani kwangu juzi. Wageni: hakuna. Niliisoma nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu. Unasikia, Shem? Niliona uongo ule nikashukuru. Toka juzi najiambia labda si mimi, labda ni bata wa porini, labda ni lori la chakula. Nikasema nije niwaone wa kwako. Wakiwa wazima, basi si mimi ninayeyabeba."

Nilikuwa na hasira ya kumtoa kwenye lile gari kwa kola, na nilikuwa na woga pia, maana ng'ambo ya barabara niliweza kuona mabanda ya mjane Yancey, mumewe tumemzika majira ya machipuko, feni zake zinazunguka kama kawaida. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake.

Nadine akasogea hadi kwenye dirisha la gari. Akapunguza sauti, kama kuna mtu wa kusikia.

"Sikiliza. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kura zikifungwa tu, napiga mimi mwenyewe. Nitasema wameanza kufa siku hiyo hiyo. Hoyt ataziba shimo vizuri. Baada ya hapo wewe ni Kamishna, hakuna wa kukugusa."

"Nadine, acha," nikasema.

"Nyamaza, Hoyt, naongea na kaka yangu."

Na Royce alifikiria. Sitamficha, nilimwona anafikiria. Midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayehesabu, na macho yalikuwa kwenye pampu ya zamani ya petroli ya duka la njia panda, inayoonekana toka langoni kwetu, jina lake liko juu yake. Kisha akageuka akatazama upande wa mjane Yancey, naye akaona feni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. Sikuwa na neno jingine, nikampa hilo la wazee.

"Sasa si kifo changu, Shem," akasema. "Ingekuwa changu ningeficha."

Akachukua simu. Akaiweka kwenye dashibodi, akafungua sauti ya nje, ndipo akabonyeza namba. Ikaita mara mbili. Akapokea binti mmoja mchangamfu, unajua kabisa anatabasamu anapoongea.

"Habari za mchana, huduma ya magonjwa ya mifugo, ofisi ya Kamishna Royce Hembree. Nikusaidie nini?"

"Nina shamba la kuku wanakufa." Akataja barabara yetu na jina la Nadine. Binti akaacha kutabasamu. Akauliza mabanda mangapi, walianza lini, wafu wako wapi, na Royce akamjibu yote, sauti imenyooka, sauti ya bwana shamba wa zamani. Nilianza kufikiri huenda ataweza.

"Asante, baba. Sasa niambie, ukiacha mwenye shamba, nani mwingine ameingia bandani wiki hii?"

"Royce Hembree."

"Baba, samahani, hii namba si ya kuchezea. Watu wana shida kweli, na mambo ya uchaguzi—"

"Binti, siyo mchezo. Ni mimi hapa ninayeongea."

Tulimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na simu nyingine zinalia. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alifanya kazi yake, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

"Uliingia lini, mheshimiwa?"

"Jumatatu mchana. Nikitokea kwa Odell Stancil. Niliingia huko pia. Niliokota wafu kwa mikono. Sikuvaa kitu."

"Sawa. Na ulipotoka hapo," akasema, "ulikwenda wapi?"

Royce akafumba macho. Akamtaja Wendell Crumley wa barabara ya kanisani. Akawataja ndugu wawili wa kina Gaddis, shamba la juu na shamba la chini. Akamtaja mjane Yancey, na hapo Nadine akasema "La" taratibu, sahani ikamwinamia, samaki akaanguka kwenye changarawe. Akamtaja mwalimu mstaafu aliyeanza kufuga mwaka huu. Akamtaja kijana tuliyemsimamia ubatizo. Kila jina lilikuwa na nyumba, na kila nyumba nilikuwa nimekula ndani yake. Nadine alikaa chini palepale langoni, ameziba masikio kwa viganja, na kaka yake akaendelea kutaja bila kufungua macho, binti akisema "ndiyo, endelea," na nilipopata nguvu ya kufuatisha siku kwa vidole nikagundua kwamba bado alikuwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi hajazifikia.