Nilivyonunua zawadi za Noeli Mbarara bila stress, isipokuwa viatu vya Riziki

Wakuu, salamu kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda.

Nimesoma humu malalamiko ya watu waliorudi na homa kutoka sokoni, na wengine mpaka leo hawaongei vizuri na wake zao, kisa zawadi za sikukuu. Nikasema ngoja na mimi nitoe yangu. Sitaongeza chumvi. Sina haja ya kuongeza, maana anayechekwa sana humu ndani ni mimi.

Kwa msionijua: mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, nalima mahindi na maharage hapa kambini, na nina kibanda kidogo cha sabuni na chumvi. Watu wananiita Papa Neema. Nina watoto watatu, na mwaka 2013 Mungu akatuongezea wa nne. Nitamfikia.

Kwetu Noeli bila nguo mpya haihesabiki. Mtoto anaweza kula ugali na dagaa siku hiyo na asilalamike, ila mnyime kiatu uone. Na viatu vizuri vya bei nafuu viko Mbarara, kwenye mitumba. Sasa huwezi kupakia watoto wote mpaka Mbarara. Nauli yenyewe ingekula zawadi.

Kwa hiyo tunafanya kama wazazi wetu walivyofanya. Unakata kijiti cha mtama kilichokauka, mtoto anakanyaga chini, unakikata sawa na mguu wake, basi. Unaenda nacho sokoni, unakiingiza ndani ya kiatu. Kikienea, mguu utaenea, ukiacha nafasi ya kidole.

Tatizo langu mimi na soko hatupatani. Kelele zile zinanipanda kichwani. Mwaka 2012 nilienda siku moja kabla ya Noeli, nikavutwa mkono huku na huku, nikasahau kijiti kipi ni cha nani, nikarudi na viatu viwili vizuri sana, vyote vya mguu wa kushoto.

Mama Neema hakunigombeza. Alicheka tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Ndiyo maana 2013 alinipangia plan serious. Kwanza, niende mapema, katikati ya wiki, kabla watu hawajaanza kuchanganyikiwa. Pili (hii ndiyo akili kubwa wakuu, ichukueni), kwenye kila kijiti alifunga kipande cha nguo kuukuu ya mtoto mwenyewe. Cha Neema kilikuwa na kitambaa cha sketi yake ya shule, cha wadogo zake vipande vya mashati yaliyochanika. Hata nikivurugwa kichwa namna gani, siwezi kumpa Neema mguu wa kaka yake.

Basi vijiti vyenye kitambaa vilikuwa vya watatu tu. Wa nne ndiye Riziki.

Riziki ni mtoto wa dada yake Mama Neema. Alifika kwetu katikati ya mwaka huo na watu wa kijijini kwao, bila mama yake. Walipotezana njiani wakati wa kukimbia. Tuliuliza kwa kila aliyekuja baadaye, mpaka kambi ya Oruchinga tukatuma watu wakaulize. Hakuna aliyejua.

Alikuwa na miaka saba. Mtoto mtulivu, anachota maji, anaosha sahani, hasumbui mtu. Ila alikuwa anaishi kwetu kama mgeni anayesubiri gari. Hakuwahi kuomba kitu. Ukimpa kitu, anakirudisha mahali ulipokitoa.

Siku ya kupima, watoto wakapanga mstari, wanasukumana. Riziki akakaa mbali. Nikamwita. Akaficha miguu chini ya gauni.

Akasema, “Ni mama ndiye anapimaka mguu yangu.”

Mama Neema akamwambia kwa upole, “Mama akikuya atapima tena. Leo acha papa apime.”

“Hapana. Akikuya atakuta nko na biatu, atasema nilishapata mama mwingine.”

Nina mdomo mrefu kama mnavyonijua humu, ila pale niliangalia kijiti changu kama sijui ni cha nini. Iliniuma sana. Kumlazimisha siwezi. Na asubuhi ya Noeli watatu wavae vipya mbele yake na yeye amekaa na kandambili zilizokatika? Hiyo nayo siwezi. Niliogopa kwamba siku hiyo tukimwacha nje, ataamini moja kwa moja kwamba si wa hapa.

Nikapata wazo. Nililiona zuri sana wakati ule.

Asubuhi iliyofuata Riziki alienda bombani. Pale bombani hapakauki, ni matope mwaka mzima. Nikamfuata kwa mbali, alipoondoka na kidumu chake nikachuchumaa kwenye unyayo wake na kijiti changu, napima.

Sasa fikirieni. Mwanaume mzima, amechuchumaa matopeni, anapima unyayo wa mtoto na kijiti. Kwetu anayechukua unyayo wa mtu hana nia njema, kila mtu anajua hivyo.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Jirani yetu, mama mmoja mwanakwaya, kasimama na ndoo kichwani.

“Papa Neema. Uko unafanya nini na unyayo ya batoto ba benyewe?”

“Napima viatu vya Noeli, mama.”

“Biatu. Mu matope.”

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha hakusogea mpaka nilipoondoka. Na nilipogeuka nikamwona anaufuta ule unyayo kwa mguu wake. Jumapili kanisani mchungaji aliniuliza habari za nyumbani kwa kirefu kuliko kawaida.

Tuendelee.

Mbarara nilifika mapema, nimeshakunywa chai (msiende sokoni na njaa, njaa inanunua ovyo). Nikaenda moja kwa moja kwa mama mmoja muuza viatu, mume wake ni askari kule kambi ya jeshi, wenzake sokoni wanamwita Mama Afande. Kiswahili chake ni cha jeshini, kimenyooka kama amri.

Nikamwonyesha vijiti. Akafurahi kabisa.

“Wewe mzee iko na akili. Kaa hapo. Mimi natafuta, wewe naangalia.”

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakaa sokoni. Hatukugusa kijiti cha pili kabla cha kwanza hakijapata viatu, vikaingia mfukoni pamoja na kijiti chake. Hakuna kuzunguka, hakuna kuvutwa shati. Mpaka nikaanza kujiona fundi.

Akafika kwenye kijiti cha Riziki. Hakikuwa na kitambaa, maana gauni alilokuja nalo lilikuwa moja na hatukuthubutu kulikata.

“Hii ya nani? Hii hapana kuwa na nguo.”

“Ya mtoto wa miaka saba.”

Akakitazama. “Miaka saba hapana kuwa na mguu kama hii.”

“Nimepima mwenyewe, mama.”

“Sawa mzee. Mtoto ni yako.”

Akanipa viatu vyeusi vya mkanda, vizuri, karibu vipya. Nikarudi Nakivale napiga mluzi.

Asubuhi ya Noeli nikagawa. Wa kwangu watatu viliwakaa vizuri, nikamwangalia Mama Neema kwa kiburi. Vya Riziki sikumpa mkononi. Nilivitua karibu naye, nikajifanya natafuta mkanda wangu.

Alivitazama muda mrefu. Kisha akaingiza mguu.

Mguu ukapotea. Kisigino kiliacha nafasi ya vidole vitatu. Wanaolima wenzangu mtakuwa mmeshaelewa: mtu akitembea matopeni mguu unateleza, unyayo unarefuka. Mimi nilikuwa nimepima mguu pamoja na utelezi wake.

Mama Neema akaziba mdomo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Miezi yote ile, siku moja tu ya kumwonyesha kwamba tunamjua, na nimemletea viatu vya mtu mwingine. Nikamwambia nitavirudisha Mbarara, nitabadilisha, asijali.

Riziki akavivua. Akavipangusa kwa gauni lake, kimoja kimoja, akavishika kifuani.

“Musibirudishe. Mubiweke. Mu Noeli yenye kuya bitanienea.”

Mama Neema akatoka nje kuangalia sufuria ambayo haikuwa hata jikoni.

Mimi nilibaki pale. Yule mtoto aliyekuwa anasubiri gari alikuwa amepanga kuwa nyumbani kwangu Noeli ijayo. Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Alienda kanisani na kandambili zake, ametangulia mbele yetu, anaongea na Neema njia nzima.

Mama yake bado tunamtafuta. Akifika atamkuta binti yake ana viatu, na nitamweleza mwenyewe vilivyopatikana.

Nilichojifunza: nenda mapema, nenda umeshiba, maliza mtoto mmoja kabla ya mwingine, na kila kipimo kiwe na alama ya mwenyewe. Stress nyingi ya sikukuu tunajitengenezea wenyewe. Ila ukikosea saizi, usikimbilie kurudisha. Muulize kwanza mtoto.

Nyie mnapimaje miguu ya watoto wasiokuwepo sokoni? Na aliyewahi kulea mtoto anayemsubiri mama yake, aniambie alifanyaje. Desemba hii ni zamu ya gauni la Riziki, na matopeni sirudi.