Mzizi wa Ghalani

Nyumbani kwetu Shinyanga, mama alikuwa akiweka mizizi ya nengonengo ndani ya ghala la mtama ili wadudu wasile nafaka. Sisi watoto tuliijua kwa harufu yake kali iliyopanda puani. Ghala likinuka hivyo, tulijua mavuno yameingia.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa stoo kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita. Nilikuwa nimesoma sekondari, na pale kambini watu waliniletea barua zao niwasomee na maradhi yao niwashauri. Mdogo wangu alinifuata, akapata kazi ya kusukuma matoroli ya mawe. Mgongo ukamsumbua. Zahanati ilikuwa na mafuta ya kuchua, yenye harufu ileile ya nengonengo, lakini dresa aliyetutibu alimpa kidogo tu, kwa kuwa wenye migongo walikuwa wengi. Mti wenyewe uliota nyuma ya kambi. Nikachimba mzizi, nikautwanga, nikamchua. Akapata nafuu.

Kosa langu lilianzia kwenye nafuu ile. Nilijiambia kwamba mzizi unaonuka kama dawa ya hospitali ni dawa ya hospitali. Mdogo wangu aliposhikwa na tumbo, nikachemsha uleule.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Baba watoto, hiyo si ile ya kuulia wadudu ghalani?"

"Kwani shemeji yako ni mdudu?"

Mdogo wangu akacheka. "Mdudu ndiye mimi, shemeji, ninayemaliza ugali wako." Akanywa bakuli zima, akafuta mdomo kwa kiganja.

Jua halijazama alikuwa anatapika na kuhara damu. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi zahanati.

"Amekunywa nini?" dresa akaniuliza.

Watu walikuwa wamejaa pale, wengi wao niliwahi kuwashauri. Nikasema, "Maji ya mtoni, nadhani."

Akamtibu kama watu wengine wa kuhara. Asubuhi mke wangu alikuja na uji, akasikia nilivyosema, akaweka chungu chini na kueleza kila kitu mbele ya wote. Dresa hakunigombeza. Alichukua rafuni chupa ya mafuta ya kuchua, yenye karatasi ya onyo la sumu. Chupa kama hizo nilizitoa stoo kwa mikono yangu mwenyewe.

"Hata haya hayanywewi, karani," akasema.

Mdogo wangu alifariki mchana ule. Sijui kama ukweli ungemwokoa iwapo ningeusema jioni. Nilimwuliza dresa, naye akasema hajui.

Nyumbani Shinyanga nilisema tumbo limemuua. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana tumbo lilikuwa likiua wengi.

Mavuno yaliyofuata nilikwenda kumsaidia mama. Akanipa mizizi niipange ghalani.

"Ukimaliza nawa mikono, baba, kabla hujagusa chakula. Hiyo inaua."

Nikaipanga. Nikanawa, nikanawa tena. Kisha nikaenda kuketi karibu na jiko lake, nikamweleza mwanawe alikunywa nini, na nani aliyempa.