Kidole cha Pamba

Kiwandani walimwita Tisa, kwa sababu ndivyo vidole vilivyobaki. Jina hilo alipewa na wenzake wa meza ya minofu wiki aliyorudi kazini na bandeji, naye akalipokea kama mtu anavyopokea mvua. "Usijali, shoga," jirani yake wa meza alimwambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo hujapoteza kitu." Wakacheka wote, na yeye akacheka. Kwenye ukumbi ule wa baridi, asiyecheka huganda.

Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kilikwenda na mashine ya kuchuna ngozi. Kampuni, ambayo inauza samaki wa kugandishwa katika mabara yote isipokuwa lile lenye barafu yake, ilieleza kwa upole kwamba Tisa si mfanyakazi wake. Alikuwa wa wakala, na wakala humkodisha kwa Kampuni kama watu wanavyokodi viti vya sherehe. Wakala naye alieleza, kwa upole uliopungua kidogo, kwamba mashine haikuwa yake. Kwa hesabu hiyo mkono ulikuwa wa wakala, mashine ya Kampuni, na maumivu yakabaki ya mwenyewe. Ubao wa ukutani unaohesabu siku bila ajali uliongezwa siku moja kesho yake asubuhi, kama desturi.

Tangu hapo, na sasa ni miaka mitatu, Tisa alitaka kitu kimoja: barua ya ajira ya kudumu. Hakutaka cheo wala ofisi. Alitaka karatasi yenye nembo ya samaki inayosema kwamba yeye ni mtu wa Kampuni, ili siku akipungukiwa tena, ijulikane kapungukiwa mikononi mwa nani.

Mumewe aliitwa Barafu, kwa kuwa aliwahi kusukuma barafu kiwandani humo hadi ulipoletwa mtambo wa kuisukuma. Wanaume wengine hufuata mpira. Barafu alifuata matokeo ya Kampuni ya kila robo mwaka. Alisoma kurasa za biashara katika magazeti ya jana aliyopewa na kinyozi, miguu juu ya kigoda, miwani yenye jicho moja lililopasuka ikiwa puani.

"Mama watoto, robo hii tumepanda."

"Tumepanda nani?"

"Sisi. Faida juu asilimia kumi na moja. Huko nje watu wanaacha nyama, wanataka samaki mweupe. Mafuta ya meli yameshuka. Matarajio ya mwaka ujao ni mazuri sana."

"Na sisi kesho tunakula nini?"

"Hiyo haimo kwenye ripoti."

Matarajio hayo, kama Barafu alivyoyaeleza kwa mtu yeyote aliyekaa karibu naye, yaliegemea boksi jipya: minofu iliyokatwa kwa mkono, bei mara mbili ya ile ya mashine. Walaji wa mbali walikuwa wamegundua mkono wa binadamu na walikuwa tayari kuulipia, ilimradi pesa isimfikie mwenye mkono. Ndipo ikatangazwa kwamba kabla ya matokeo ya mwaka kutolewa, wenye hisa wakubwa watakuja kuangalia mkono huo ukifanya kazi.

Mkono bora kiwandani ulikuwa wa Tisa. Hilo halikuwa na ubishi, na ndilo lililomleta nyapara mezani kwake.

"Dada, wewe ndiye utakayekata mbele ya wageni."

Tisa akainua mkono wa kushoto. "Na hili pengo?"

Nyapara akatazama nyuma, akatoa mfukoni glavu nyembamba ya bluu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimejazwa pamba, kimesimama wima kama kidole cha mwalimu. Muuguzi wa kiwanda ndiye aliyekijaza na kukifunga uzi kwenye shina. Ilikuwa huduma ya kwanza aliyowahi kuitoa kwa kidole kile.

"Kwani wakiona tisa watakufa?"

"Hawafi, dada. Wanauza hisa. Ripoti inasema huu ni mwaka wa nne bila ajali."

"Na barua yangu?"

"Meneja amesema, wageni wakiondoka wanatabasamu, barua iko mezani."

"Amesema, au umesema wewe?"

"Amesema. Haki ya Mungu."

Tisa akaichukua glavu, akaikunja, akaitia kifuani.

Nyumbani alifanya mazoezi kila jioni. Uwezo wa kununua samaki hawakuwa nao, kwa hiyo alikata taulo lililoloweshwa na kukunjwa. Barafu alijifanya mwenye hisa: alifunga mikono mgongoni, akatembea toka kitandani hadi mlangoni na kurudi, akisema "Safi, safi sana" kwa sauti ya mtu mwenye meno ya bandia. Watoto walicheka hadi wakafukuzwa nje.

Shida ilijitokeza siku ya kwanza. Mkataji mwingine yeyote huzungusha kisu kukikwepa kidole cha shahada kinachombana samaki. Tisa hakuwa na cha kukwepa. Kwa miaka mitatu kisu chake kilikuwa kimepita moja kwa moja kwenye pengo, na njia fupi hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kasi yake. Kasi ambayo Kampuni iliisifu ilitokana na ajali ambayo Kampuni haikuitambua.

"Polepole," Barafu alimwambia, akiokota kipande cha taulo. "Wageni hawana haraka."

Akajifunza polepole. Hadi wiki inaisha, taulo lilikuwa linabaki zima pale panapotakiwa, na kidole cha pamba pia.

Wageni walikuja wakiwa na makoti meupe, kofia za wavu na mabuti makubwa kuliko miguu yao. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mwenye nywele za fedha, msimamizi wa mfuko wa pensheni wa walimu wastaafu wa nchi ya mbali. Walimu hao, bila wao kujua, walimiliki sehemu nono ya Kampuni, na kwa hiyo sehemu fulani ya meza ile. Meneja alikuwa akimtafsiria. Mpiga picha alichuchumaa kando ya mkanda unaopeleka minofu.

Tisa akakata samaki wa kwanza. Polepole. Wa pili. Mnofu ukatoka mzima, bila mwiba, ukilala kwenye mkanda kama shuka iliyopigwa pasi. Bibi akatabasamu, na nyapara, pembeni, akatabasamu kwa niaba ya barua.

Kisha bibi akasema neno, na meneja akamgeukia Tisa. "Wageni wameambiwa wewe ndiye mwenye kasi kuliko wote. Waonyeshe, mama. Ile yako yenyewe."

Tisa akamtazama nyapara. Nyapara akatazama buti zake.

Mtu anaweza kuambiwa aonyeshe kasi, lakini hawezi kuambiwa atumie kasi ya mtu mwingine. Mkono ulifanya ulichokijua. Kisu kikapita njia yake ya miaka mitatu, na kidole cha bluu kikaruka, kikabingirika, kikatulia kwenye mkanda ubavuni mwa mnofu. Tisa hakusikia maumivu, kwa kuwa hapakuwa na cha kuuma. Alikuwa ameshamgeuza samaki na kuanza upande wa pili.

Bibi alipiga yowe. Mgeni mmoja alikaa chini, kwenye maji, taratibu kabisa.

"Si kidole chake!" meneja alipaza sauti, kwa lugha zote mbili.

"Sasa ni cha nani?" aliuliza yule jirani wa meza, ambaye hakuulizwa.

Tisa alimwonea huruma yule bibi. Akavua glavu, akauinua mkono wazi ili atulie. "Usiogope, mama. Hiki kiliondoka zamani, hapa hapa."

Hakuna aliyetafsiri. Haikuhitajika, bibi alijua kuhesabu. Akautazama mkono, akautazama ubao wa siku bila ajali, akautazama mkono tena. Kisha akauliza swali, na Tisa akasubiri, kwa sababu kwa miaka mitatu lilikuwepo swali moja tu la kuulizwa.

Meneja alilitafsiri kwa nyapara. "Anauliza kama pamba imechanganyika na samaki."

Mkanda ukasimamishwa. Samaki wa zamu nzima wakatupwa.

Jioni nyapara alimkuta langoni. Hakufukuzwa, alimweleza, kwa sababu hawezi kufukuzwa mtu asiyeajiriwa. Amerudishwa kwa wakala. Kosa ni kuingiza kitu kigeni kwenye bidhaa.

"Glavu mlinivisha nyinyi."

"Najua, dada."

"Basi waambie."

"Nikiwaambia tutarudishwa wawili."

Lakini hakuwa mtu mbaya, au hakuwa mbaya vya kutosha kulala vizuri. Ripoti ya mwaka ilipotoka aliwaletea nakala nyumbani, nene, karatasi inayoteleza, akaiacha mlangoni bila kuingia. Jaladani palikuwa na picha ya mikono miwili ikikata samaki. Barafu aliihesabu vidole. Kumi.

Akasoma kwa sauti, kama alivyosoma siku zote, ila polepole zaidi. Faida imepanda. Mwaka wa nne bila ajali. Minofu ya mkono imepokelewa vizuri sokoni. Halafu akaacha kusoma.

"Upo."

"Niko wapi?"

"Hapa chini, kwa herufi ndogo. 'Hasara ndogo ya bidhaa, kutokana na pamba iliyokutwa kwenye mkanda.'"

Tisa aliacha kufua. "Na cha nyama wamekiandika?"

Barafu alikuwa mtaalamu mwaminifu. Alirudi mwanzo, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, hadi kwenye sahihi za wakurugenzi.

"Cha nyama hakimo."

"Soma matarajio."

"Matarajio ni mazuri."

"Ya nani?"

Barafu akafungua mdomo aseme "yetu sisi," akaufunga, akafunua ukurasa mwingine.